Injini Ihojiwe Kabla ya Kufunguliwa

Hotuba kwa madereva na wamiliki wa magari ya zamani, Mbeya. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao siku ile walikuwa barabarani.

Wazee wangu, akina mama, madereva, na ninyi vijana wa gereji mliosimama kule nyuma kana kwamba mmekuja kunikagua: walio wakubwa kwangu, shikamooni. Wengine, poleni na kazi. Ndaga fijo kwa kuja.

Naomba tuanze kwa kunyoosha mikono, na tusidanganyane. Nani hapa ana gari lililozidi miaka 15? Naam, karibu wote. Nani amewahi kuambiwa na fundi, "Hii injini imekufa, tushushe"? Wengi. Haya, mkono ubaki juu kwa yule tu ambaye, kabla injini haijashushwa, alimwona fundi akipima kitu kwa kifaa. Kusikiliza kwa sikio na kutikisa kichwa sihesabu. Kupima.

Mnaiona mikono ilivyoshuka?

Hicho ndicho kilichonileta mbele yenu. Injini nyingi za zamani katika mji huu zinafunguliwa bila sababu, na zile zenye sababu zinafunguliwa zikiwa zimechelewa. Kufungua ni ghali. Gasketi, lile bapa linaloziba maungio ya injini, ukishaivua hairudi, boliti za silinda hedi (kichwa cha juu cha injini) nyingine hazikubali kukazwa mara ya pili, na vumbi la chini ya mparachichi linaingia mahali ambapo halikuwahi kufika tangu kiwandani. Lakini kuihoji injini ikiwa imefungwa, kuiuliza unaumwa wapi, tangu lini, ukiwa baridi au ukiwa na moto, hilo linataka asubuhi moja na vifaa vichache.

Na sisi wa huku juu tuna jambo letu la pekee. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Pale Uyole ndipo reli ya TAZARA inapofika juu kuliko mahali pengine popote kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, Zambia. Kitabu cha gari lako kiliandikwa kana kwamba unaendesha ufukweni. Wewe unapandisha Mlima Nyoka na magunia ya viazi. Kwa hiyo vipimo vingine vinavyosomwa kama ugonjwa, huku kwetu ni hali ya hewa. Na vingine vinavyosomwa kama hali ya hewa, ni ugonjwa.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloua injini nyingi.

Kuna mama mmoja anafanya biashara ya ndizi, anatoka nazo Tukuyu kuja sokoni Mwanjelwa. Ana Noah ya zamani. Bila mzigo, gari zuri. Akipakia na kuanza kupanda kutoka Kiwira kuelekea Isyonje, geji ya joto inapanda naye, maji yanatapika kwenye kichupa cha akiba, anasimama pembeni. Alienda kwa fundi. Fundi hakugusa kitu, akasema: gasketi ya silinda hedi. Akaenda kwa wa pili, naye akasema hivyo hivyo, ila akaongeza kwamba huenda hedi yenyewe imepasuka. Mama akaanza kutafuta fedha za injini ya mtumba.

Mnadhani ugonjwa ulikuwa nini? Kifuniko cha rejeta.

Msicheke, nisikilizeni. Maji ufukweni yanachemka kwa nyuzi 100. Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Ndiyo maana maharage huku yanachelewa kuiva, akina mama mnalijua hilo kuliko mimi. Sasa injini yako ikiwa na afya kabisa inafanya kazi karibu na nyuzi 90. Themostati nyingi, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, zinaanza kufunguka kwenye 82. Mnaona pengo lililobaki? Nyuzi chache tu! Kinachokuokoa ni kile kifuniko. Kina springi na mpira, nacho hushikilia mgandamizo ndani, kwa magari mengi kama 0.9 ya angahewa, na mgandamizo huo unasogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 115. Springi ikilegea, au mpira ukikatika, rejeta yako inakuwa sufuria isiyo na mfuniko. Gari linachemsha bila kuwa na ugonjwa wowote wa injini. Dar es Salaam gari hilo hilo lingeweza kujikongoja likafika. Isyonje halifiki.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa gari linalochemsha: kifuniko kinashika? Kipimwe kwa pampu yake. Kama hakuna pampu, funga kipya chenye namba ile ile ya mgandamizo, namba imeandikwa juu ya kifuniko. Usinunue kwa kutazama kama kinaenea mdomoni. Na jamani, kisifunguliwe kikiwa cha moto. Maji ya nyuzi 110 yaliyoachiwa ghafla hayabaki maji, yanageuka mvuke usoni kwako.

Swali la pili linaulizwa asubuhi, injini imelala usiku kucha. Fungua kifuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa, iache kwenye sailensa, yaani iungurume polepole bila kukanyaga mafuta. Tazama. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyojificha, vitaisha. Lakini viputo vikija mfululizo, na ukikanyaga mafuta kidogo vinaongezeka, hiyo ni hewa ya moto kutoka kwenye silinda inapita gasketi na kuingia kwenye maji. Au funga kifuniko, washa ikiwa baridi, kisha shika mpira wa juu wa rejeta ndani ya dakika moja au mbili. Maji bado baridi, lakini mpira umekuwa mgumu kama umejazwa upepo? Upepo huo umetoka wapi, kama si kwenye silinda? Hapo sasa ninakubali kuzungumza habari za gasketi. Mwenye kile kifaa cha maji ya buluu yanayogeuka njano yakikutana na moshi wa silinda, akitumie, ni ushahidi mzuri zaidi. Wasio nacho, macho na mkono vinatosha kuanzia.

Na hedi ikishafunguliwa kweli, msikubali irudishwe bila kuwekewa rula iliyonyooka juu yake na kupimwa kwa fila, vile vibapa vyembamba vya kupimia pengo. Kwa injini nyingi za magari madogo, kupinda kukifika sehemu ya kumi ya milimita tayari ni kwingi, na kwa jicho tu hakuonekani. Inakwenda kwa mtu wa mashine, inasawazishwa, inapimwa kama ina ufa, ndipo inarudi, na boliti zinakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kitabu. Fundi anayekaza hedi kwa bomba refu na nguvu za ugali, huyo anakuandalia safari ya pili.

Hapa niseme neno kuhusu themostati, na najua baadhi ya mafundi wenzangu hawatanipenda. Nani kawaambia themostati ni "ya nchi za baridi"? Kwanza, mwezi wa sita na wa saba, Mbeya, Njombe na Makete si nchi za baridi? Lakini hata kungekuwa na joto la Kyela, injini isiyo na themostati haifiki joto lake. Petroli inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, oili haikauki unyevu, ringi za pistoni zinalika. Inakula mafuta kuliko inavyopaswa. Halafu mlimani inachemsha vile vile, kwa sababu tatizo lenyewe halikuwa themostati. Lilikuwa rejeta iliyojaa kutu ya maji ya mtoni. Ukiikuta imekwama, weka nyingine. Usitupe tu.

Sasa tuje kwenye lile jambo la oili kufanana na maziwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa huku Mbeya aliletwa gereji na mwanawe akiwa amekata tamaa. Alifungua kifuniko cha kujazia oili, akakuta utando mweupe wa manjano kwa ndani, kama krimu. Akaambiwa maji yameingia kwenye oili, injini kwisha. Nikamuuliza: mwalimu, gari hili unaenda nalo wapi? Kanisani na dukani. Umbali gani? Si mbali. Mwezi gani huu? Wa saba.

Tukavuta stiki ya oili: oili safi, rangi yake, haina maziwa. Maji ya rejeta hayajapungua. Viputo hakuna. Basi. Ule utando ni unyevu uliogandia kwenye bati la juu lenye baridi, kwa sababu injini haijawahi kupata moto wa kutosha kuukausha. Dawa yake ilikuwa safari ndefu ya kwenda Chimala na kurudi, halafu kubadilisha oili. Lakini stiki yenyewe ikija na rangi ya chai ya maziwa, na maji yanapungua kila siku bila kudondoka chini, usiwashe tena hata kwa kulisogeza uani. Oili yenye maji haijengi utando kati ya krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake. Livutwe kwa kamba.

Na moshi je? Moshi mweupe mwembamba wa asubuhi unaopotea injini ikipata joto ni mvuke, kama pumzi zenu mnapoenda shamba alfajiri. Mweupe mzito unaoendelea saa nzima na maji yanapungua, hiyo ni gasketi au ufa. Kwa dizeli baridi, mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua, tazama plagi za joto na nozeli kwanza. Mweusi kwa dizeli ya mlimani: hewa ni haba, mafuta ni yale yale. Pampu iliyorekebishwa pwani inaweza kutoa moshi mweusi huku bila kuharibika kitu. Anza na filta ya hewa.

Wa buluu ndio unaohitaji akili, kwa sababu wa buluu ni oili inaungua, lakini inaingilia mlango upi? Hapa tunayo bahati ambayo watu wa tambarare hawana. Tuna miteremko. Shuka Mlima Nyoka au Kitonga ukiwa kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta, injini inashikilia gari. Kwa injini ya petroli, wakati huo ndani kuna mvuto mkali unaonyonya oili kupitia sili za valvu. Ukifika chini, kanyaga mafuta, mwambie mwenzako atazame nyuma. Wingu moja la buluu, kisha linaisha? Sili za valvu, au gaidi za valvu (vile vibomba ambamo valvu hupita) zimelika. Hazitaki kushusha injini. Kama buluu haipo kwenye mteremko lakini inatoka muda wote unapopanda na mzigo, hizo ni ringi na silinda. Milango miwili, gharama mbili zisizofanana kabisa. Nimesema ukiwa kwenye gia, mmesikia? Wale mnaopiga frii, gia mmeitoa, kwenye mteremko wa Iwambi kwa ajili ya kuokoa lita moja ya mafuta, ule mlima mnaujua, na waliokwisha pale mnawajua.

Halafu upo ushahidi wa namba, nao ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, betri iwe na nguvu, mtu akanyage mafuta hadi chini, mwingine apige stata. Kila silinda iandikwe. Sikilizeni kosa linalofanyika hapa: kitabu kinasema PSI 170, fundi anapata 140, anatangaza msiba. Lakini hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani! Injini inayosoma PSI 170 Kigamboni itasoma karibu 140 hapa Soweto ya Mbeya, na ni nzima. Ndiyo sababu hiyo hiyo gari linalotoka Dar likifika hapa mnaliona zito.

Tazameni zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zina 140, moja ina 85? Mimina kijiko cha oili kwenye tundu la hiyo moja, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, basi ni ringi. Isipopanda, valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Hilo la kijiko ni la petroli. Dizeli ina geji yake ya mgandamizo mkubwa, na geji ya petroli ukiifunga kwenye Canter utaiokota kwa vipande.

Uvujaji sasa. Rangi nitazipitia haraka, maana nyingi mnazijua. Tandika boksi kavu chini ya gari usiku, alama ya magurudumu uiandike, asubuhi usome. Hudhurungi hadi nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu inayoteleza ni ya gia boksi ya otomatiki au ya stelingi. Lakini kulanti ya Toyota nayo ni nyekundu au ya waridi, kwa hiyo isugue kati ya vidole: ikiwa ya majimaji na harufu ya utamu, ni kulanti. Usiionje. Ni sumu, na mbwa na watoto wanaifuata kwa utamu wake. Karibu na gurudumu, nyepesi, inateleza sana na kuchubua rangi ya gari: mafuta ya breki, gari lisitoke. Maji safi chini ya upande wa abiria baada ya kuwasha kiyoyozi, hayo yaache.

Shida ni kwamba oili haidondoki pale inapovujia. Inashuka, na upepo wa safari unaisukuma nyuma, hadi mwisho wa injini, kisha inadondoka kwenye maungio ya gia boksi. Fundi analala chini, anaona tone, anasema oili sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili mwishoni mwa krenkishafti. Kumbe ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha valvu kule juu! Kwa hiyo: osha injini, ikauke, pulizia poda ya mtoto sehemu unazoshuku, endesha kidogo, rudi utazame kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo mtuhumiwa.

Tena kuna jambo ambalo ningependa vijana wa nyuma waliandike. Canter moja ya viazi ilibadilishwa oili sili ya nyuma. Gia boksi likashushwa. Baada ya muda, inavuja tena. Likashushwa tena, sili mpya, tena halisi. Inavuja. Sasa mwenye gari anamtuhumu fundi kwa wizi, fundi anamtuhumu muuza spea. Hakuna aliyetazama kipumulio cha injini. Mpira wake ulikuwa umeziba masizi na oili iliyoganda. Pistoni zote huvujisha hewa kidogo kwenda chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na hewa hiyo ina njia yake ya kutokea. Ukiziba njia, itatafuta nyingine, na njia nyepesi kuliko zote ni mdomo wa sili. Injini ikiwa inaunguruma, legeza kifuniko cha oili, kiache kimelala juu ya tundu. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Kikirushwa, na moshi unatoka kwa mapigo, basi ama kipumulio kimeziba ama ringi zimechoka, na kompresheni itakuambia ipi.

Pia punguzeni silikoni. Ile inayofurika nje mnayoiona nzuri, imefurika vile vile ndani. Inakatika, inaelea, inakwenda kuziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu. Umeziba tone, umeua injini. Na kile kitobo kidogo chini ya wota pampu, mkikuta kinadondosha maji, msikizibe kwa gundi. Kimewekwa pale na aliyeitengeneza, kikuambie sili ya pampu imechoka.

La mwisho, taa nyekundu ya oili. Dereva mmoja wa daladala taa yake ilikuwa inameta gari likiwa na moto, akisimama kituoni. Akikanyaga mafuta inazima. Abiria wakawa wanamsumbua kwa maswali. Alifanya nini? Akatoa balbu! Wiki haikuisha, injini ikanoki, na kondro, ule mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, ikatokea pembeni mwa bloku, abiria wakashushwa barabarani.

Taa ile haisemi oili imepungua. Inasema mgandamizo wa oili umeshuka, nao unaweza kushuka sampu ikiwa imejaa. Zima injini. Pima kwa geji halisi iliyofungwa mahali pa swichi ya taa. Kama mgandamizo ni mzuri, swichi ndiyo mbovu, na swichi ni bei ndogo. Kama ni mdogo ikiwa ya moto, mwaga oili juu ya kitambaa cheupe, pitisha sumaku. Vumbi laini linaloshika sumaku ni chuma. Unga wa fedha usioshika sumaku ni uso wa beringi. Ukiona wa rangi ya shaba, uso umekwisha na tabaka la chini ndilo linaloliwa. Pasua na filta uikunjue karatasi yake. Na ukisikia mlio mzito wa kugonga, ondoa umeme kwenye plagi moja moja injini ikiwa kwenye sailensa. Silinda ambayo mlio unapungua au kubadilika ukiikatia umeme, kondro yake ndiyo inayogonga. Hapo sasa, ndugu yangu, shusha injini. Nami nitakusaidia kuibeba.

Maneno yametosha. Geji ya kompresheni ipo mezani, poda ya mtoto ipo, sumaku ipo, vijana watanisaidia. Ile Hiace iliyoko karibu na geti imelala hapo tangu jana usiku, mwenyewe anasema inachemsha na amekubali tuihoji mbele yenu. Tunaanza na kifuniko cha rejeta. Mwenye Hiace, tafadhali rudisha ufunguo mfukoni, usiwashe. Tunaitaka ikiwa baridi.